Mkate Ulioumuka Kitandani kwa Nyanya

Nyumbani kwa Ogari,
Karibu na Keumbu,
Kisii.

Jumapili, 17 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Bonareri,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lingine lolote. Mgongo wako unaendeleaje? Ulituambia unakuuma kwa sababu ya kuwainua wazee huko kazini, nami kila ninapomshika nyanya mkono ainuke kitini, nakukumbuka. Baba watoto, Ogoti, amepona kikohozi chake? Na binamu zangu, bado wanakataa kula mboga?

Sisi huku tungali hai. Sikuandika hivyo kwa mazoea, Shangazi. Ukifika mwisho wa barua utajua kwa nini.

Nimefunga shule na ripoti yangu ni nzuri. Mwalimu wa Kiswahili aliniandikia kwamba nikiendelea hivi nitafika mbali. Majani chai yameota vizuri baada ya mvua, ila mvua ya mawe ilipiga sehemu ya chini, karibu na mto. Ng'ombe alizaa dume.

Najua utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Simu iliyopo ni ya baba, naye huketi karibu mtu akizungumza. Ndiyo maana kila ukinipigia najibu "tuko sawa" na kunyamaza. Ian, yule mtoto wa mama mkubwa anayesoma chuo mjini Kisii, amekubali kuzipiga picha kurasa hizi na kukutumia leo. Nakuomba uzisome zote kabla ya kumpigia mtu yeyote.

Nianze na asante. Tangu ulipotuonyesha kwa simu ya video kutoka huko Amerika, wakati wa Pasaka, jinsi ya kuoka mkate wa Kifaransa, hatukununua tena mkate wa duka. Ulisema ni rahisi: unga wa ngano, hamira, chumvi, sukari kidogo, mafuta na maji ya vuguvugu. Ni rahisi kweli, kwa mtu mwenye oveni na nyumba yenye joto. Huku kwetu ukungu ukishuka kutoka upande wa Nyamira, hata blanketi huwa baridi. Donge letu la kwanza lilikaa mezani tangu asubuhi, na jioni lilikuwa vile vile kama jiwe. Mama alitaka kulifanya chapati.

Nyanya ndiye aliyetuokoa. Alisema ndizi huiva kwa kufunikwa zipate joto, basi unga nao ufunikwe. Alilitia donge katika sufuria iliyopakwa mafuta, akaifunika kwa kitambaa, akaizungushia blanketi, kisha akapanda kitandani akalala ubavuni mwake. Hatukungoja sana. Tuliona blanketi linainuka.

Tulioka kwenye ile sufuria kubwa ya sherehe. Chini tulitia mchanga mkavu, juu ya mfuniko tukapanga makaa. Nyanya alichanja mikate kwa wembe mpya kama ulivyoagiza, na mimi nikanyunyiza maji ili ganda liwe kavu. Sufuria ikiwa ya mviringo, mkate wako mrefu wa Kifaransa ulilazimika kujikunja kama ndizi. Nyanya hakutaka ukatwe kwa kisu. Aliumega kwa mikono ukiwa bado unatoa mvuke, akampa kila mtoto aliyesimama mlangoni. Tulioka kila Ijumaa kabla ya Sabato kuingia, na watoto wa majirani walijua harufu ile kuliko kengele ya shule. Waliuita mkate wa Bonareri.

Sasa nikueleze yaliyotupata.

Unamjua Nyangate, jirani yetu wa ng'ambo ya ua. Ijumaa moja mwezi wa tano alikuja kurudisha uteo wetu, akamkuta nyanya amelala mchana, kando yake kuna kitu kimefunikwa. Mimi nilikuwa pale pale nikiosha vyombo.

"Mama, unaumwa?" akauliza.

"Siumwi, nalea," nyanya akajibu. "Njoo umguse. Polepole, usimwamshe."

Nyangate aliingiza mkono chini ya blanketi, akautoa upesi. "Ni nini hiki kinachohema?"

"Ni mtoto wa Bonareri, ametoka Amerika. Anakua haraka. Jioni namtia motoni."

Nyangate alicheka mpaka akashika mlango. Jioni binti yake mdogo, Kwamboka, alikuja na wenzake wakala. Unamjua nyanya kwa mzaha, na hata siku ile hakuna aliyeona ubaya.

Mwezi uliofuata Kwamboka alishikwa na homa. Nyangate alingoja apoe, kwa kuwa homa ya watoto huja na kuondoka, na alipompeleka hospitali malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Hivyo ndivyo daktari alivyosema. Tulimzika chini ya migomba yao. Nyangate alishika kiatu kimoja cha mtoto wakati wote wa mahubiri, na watu walipotaka kukichukua wakiweke kaburini, alikataa.

Simchukii, Shangazi. Nataka ulijue hilo unaposoma yanayofuata.

Baada ya mazishi aliyakumbuka yale maneno. Kitu chenye joto kinachohema kitandani kwa mwanamke mzee. Kinakua haraka. Jioni kinatiwa motoni, na watoto wa watu wanalishwa. Aliyasimulia akilia, na waliomsikia waliyasimulia wakiwa hawalii tena. Hakuna aliyetamka neno lenyewe. Unajua huku kwetu jinsi watu wanavyolizunguka neno lile, mpaka siku linapotamkwa inakuwa ni pamoja na moto.

Ijumaa iliyofuata hakuja mtoto hata mmoja. Nyanya aliumega mkate akaushika mkononi, akitazama njia. Kule kisimani msichana tuliyesoma naye darasa moja akaniambia mbele ya wenzake, "Nyamoita, yule wa kitandani ameshanenepa? Au mnangoja mgeni?" Walicheka wote. Nilijaza mtungi wangu nikaondoka.

Kanisani tulikuwa na chakula cha pamoja baada ya ibada. Nyanya alipeleka mkate. Watu walichukua wali, wakachukua maharagwe na ndizi, wakauruka mkate wetu mikono yao ikiinuka juu yake kama unaochoma. Ulirudi nyumbani mzima. Mama alitaka kuuficha kwenye kikapu, lakini nyanya aliubeba wazi mikononi njia nzima.

Aliyetutetea hadharani alikuwa Dahabo, yule mama Msomali tunayenunua unga kwake Keumbu. Wanawake wawili walimtaka asituuzie tena hamira. Alipiga meza kwa kiganja. "Mandazi mnakula kila asubuhi ni hamira gani? Si ni hii hii? Mkinunua nyinyi ni chai, akinunua yule mzee ni uchawi? Tokeni dukani, mnanizuilia wateja!" Wakatoka. Lakini Dahabo anaishi sokoni, haishi kwetu.

Jambo lililomuumiza nyanya zaidi ya yote lilianza mezani petu. Baba aliacha kula mkate. Alisema hamira inamchoma tumbo. Kisha akaacha kunywa chai iliyopikwa na nyanya, akisema amekunywa njiani. Mama alimkemea chumbani, nasi tulisikia. Nyanya alisikia pia, kwa maana tangu siku ile alimpakulia baba sahani tupu, akaiweka mbele yake, naye mwenyewe akala akimtazama.

Kisha wazee wa ukoo waliitana nyumbani kwa Mzee Obwocha. Nyanya aliketishwa katikati. Walimuuliza kuhusu mtoto wa kitandani, akawaambia ni unga. Walimuuliza kwa nini alisema ni mtoto. Akasema, "Nilikuwa nafanya mzaha. Siku hizi mzaha unaombewa ruhusa?" Mzee mmoja alitabasamu, akajizuia.

Ndipo Obwocha akamgeukia baba. "Ogari, wewe ni mwanawe. Unakula kwake?"

Baba alitazama kofia yake. Aliizungusha, akaizungusha tena. Hakusema anakula, hakusema hali.

Mama ndiye aliyesimama. Alisema yeye ni mke wa mwana tu, na kama kuna mtu mwenye sababu ya kumchukia nyanya ni yeye, kwa maana wamegombana kuhusu kuni, kuhusu maziwa na kuhusu jinsi ya kumfunga mtoto mgongoni tangu alipoolewa. "Lakini ninakula kwake, na wanangu wanakula." Walimwambia aketi.

Waliamua nyanya arudi kwao alikozaliwa, huko Nyamira, mpaka watu watulie. Walisema ni kwa usalama wake, na labda ni kweli. Lakini wewe unajua maana ya mwanamke wa umri wake kurudishwa kwao. Akifia huko, atazikwa wapi? Nyanya aliwaambia, "Mume wangu amelala pale kwenye migomba na nafasi yangu iko ubavuni pake. Sitaondoka kwa miguu yangu. Mnaotaka niende, njooni mnibebe, nami niwaone nyuso."

Wiki ile ile, asubuhi moja, tulipoamka tulikuta migomba iliyo nyuma ya nyumba yake imekatwakatwa. Kwenye kizingiti chake kulikuwa na kibiriti kipya, kimewekwa katikati kwa uangalifu kama mtu anavyoweka zawadi.

Baba ndiye aliyekiokota. Alikitia mfukoni. Akaenda kwenye migomba, akaketi juu ya shina lililolala chini akakaa hapo mpaka jua likawa kali. Aliporudi aliingia kwa nyanya bila kubisha hodi na kusema, "Mama, oka."

Nyanya alimuuliza kama tumbo limepona.

"Oka, mama," akasema tena.

Mimi ndimi niliyemsaidia kukanda. Nyanya hakuniachia donge. Siku ya pili yake, Ijumaa, baba aliufunga mkate kwenye kitambaa cheupe akaenda nao kwenye kituo cha kuuzia majani chai, saa ile ambapo kila mtu yupo foleni na kikapu chake. Nilimfuata na majani yetu. Alisimama juu ya jiwe pale mbele ya mizani, akafungua kitambaa, akaanza kula.

Karani aliacha kupima. Mtu mmoja nyuma akaita, "Ogari, andika wosia kwanza!" Wengine wakacheka.

Baba alimeza. "Sina cha kurithisha ila nyinyi majirani," akasema, "na hakuna mwanangu anayewataka." Kicheko kikawa kikubwa zaidi, kisha kikaisha, kwa maana hakuacha kula. Mkate mkavu bila chai, Shangazi, wote. Alipofika nusu ulikuwa unamkwama kooni, macho yamejaa maji. Hakuna aliyempa maji, nami nilisahau kama nina miguu. Nyangate alikuwepo. Alitazama chini.

Alipomaliza alikung'uta kitambaa. "Mimi ni mtoto wake wa kwanza," akawaambia. "Kama mkate huu una kitu, mtakuja kunizika. Kama hauna, mniachie mama yangu." Kisha akapanga foleni kama kila mtu.

Watu walianza kumtazama. Akipita barabarani mazungumzo yalikatika, na akishapita walihesabu hatua zake. Siku zilipita, naye alikuwa mzima. Wanawake wawili walimsalimu nyanya kwa mbali. Mtoto mmoja alifika hadi kwenye ua na kuuliza kama Ijumaa tutaoka. Nilianza kuamini kwamba yamepita.

Jumatano jioni baba alianza kutetemeka.

Usifikiri vibaya, Shangazi. Huu ni msimu wa malaria, na pale karibu na mto mbu wamejaa. Mama alipanda boda boda hadi Nyamira mjini kununua dawa. Hakutaka kununua Keumbu, kwa kuwa pale kila mtu angemuuliza ni nani mgonjwa. Baba alimeza dawa lakini homa haikushuka. Hospitali alikataa kwenda. Alisema akionekana amebebwa juu ya boda boda, nyumba ya nyanya itawaka kabla hajafika barabara ya lami. Kwa hiyo kila asubuhi ya kazi alijifunga kikapu mgongoni akaenda kwenye majani chai ya kando ya barabara, mahali ambapo kila mpita njia angemwona amesimama. Aliwasalimu kwa sauti kubwa. Walipopita alishika shina la mchai asianguke. Nilichuma kando yake ili niweze kumkinga kwa mwili wangu. Nyanya hatukumwambia.

Leo asubuhi tulikuwa pale tena. Shati la baba lilikuwa limelowa na meno yake yaligongana. Sikumsikia Nyangate akija. Nilipoinua kichwa, alikuwa amesimama barabarani na jembe begani, anamtazama baba. Baba alimsalimu kwa sauti ile kubwa. Yeye hakuitikia. Aliangalia mikono ya baba, akaangalia jasho, na uso wake ukabadilika.

Aliingia kati ya mistari ya chai hadi tulipo. Nilidhani atapiga kelele. Nilitaka kuanguka miguuni pake nimwombe asipige.

"Kwamboka alianza hivi hivi," akasema.

Nilisikia tu kikapu cha baba kikisuguana na mchai kwa jinsi alivyotetemeka.

"Hivi hivi," akarudia, sasa polepole. "Mimi nilingoja asubuhi, Ogari. Nilisema itapoa."

Alimvua baba kikapu mgongoni, akajifunga yeye, akaanza kuchuma. Alichuma upesi kama mtu anayepigana, machozi yanamtiririka na hayafuti. Kisha akaniambia bila kunitazama, "Wewe, mwite mama yako. Mpitisheni njia ya mtoni hadi Nyamira. Mimi nitapeleka majani haya kituoni. Nitasema Ogari amekwenda kuulizia mbolea."

Na ndivyo alivyosema, Shangazi. Ian alikuwa kituoni akamsikia. Mtu mmoja alimuuliza kama baba bado anatembea, naye akamjibu, "Anatembea kuliko wewe. Sogea, nipime."

Mama na baba wameondoka saa nne kwa njia ya mtoni. Baba alikataa kushikwa mpaka walipofika mahali pasipoonekana kutoka barabarani, na hapo akamwegemea mama kwa uzito wake wote. Mpaka sasa hawajampigia Ian simu. Jirani yetu ametusitiri leo, lakini sijui kesho atasema nini akilala akaamka na kile kiatu kando yake. Baba akirudi akitembea, nyanya atabaki kwake. Asiporudi hivyo, sitaki kuandika.

Mimi niko na nyanya. Aliniuliza mwanawe yuko wapi, nikamwambia amekwenda kuulizia mbolea. Alinitazama kwa muda, kisha akaosha mikono akachukua unga. Anasema mtu akitoka safarini hurudi na njaa. Ninaandika kwenye kona ya meza, naye anakanda upande wa pili, na meza inatikisika ndiyo maana mwandiko wangu ni mbaya.

Ninachokuomba ni hiki. Ukimaliza kusoma, mpigie kaka yako. Wewe ni dada yake, atakusikia. Mwambie wakitaka kumlaza hospitalini akubali, nyanya tutamlinda sisi. Jioni mpigie nyanya kupitia simu ya Ian, umfanyie mzaha kama kawaida yako, kwa maana tangu siku ya wazee sijamsikia akifanya wake. Na ukiweza kuja Desemba, njoo. Watu huku wanamheshimu mtu aliyevuka bahari, hata kama hawapaswi.

Halafu utuombee, Shangazi. Omba daktari apime damu aseme ni malaria. Mimi nimeomba hivyo tangu saa nne. Sijawahi katika maisha yangu kumwomba Mungu mtu ninayempenda awe na malaria.

Msalimie baba watoto, Ogoti, na binamu zangu wote. Mama alisema nisisahau kukusalimia. Nyanya hajui kwamba nakuandikia, lakini jina lako hulitaja kila jioni katika maombi, kwa hiyo salamu zake unazo tayari.

Mungu akulinde huko uliko, wewe na nyumba yako, na atuhifadhi sisi huku mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,

Emily Nyamoita Ogari